Je, Yafaa Kumficha Mgonjwa Ugonjwa Wake?

Liko swali ambalo watu wa sharika zetu hutuuliza mara nyingi, nalo si dogo. Daktari akisha kuona saratani katika mwili wa ndugu yetu, je, imewapasa jamaa kumwambia, ama ni afadhali kumficha mpaka mwisho? Wafichao hawana nia mbaya. Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi, na wengine hudhani kwamba ndiyo imani yenyewe. Kwa hiyo twataka kulipima jambo hili pamoja nanyi, wainjilisti, wazee wa Kanisa, na ninyi nyote msomao gazeti hili.

Tutoe mfano. Tuseme mama mmoja wa Zuzu ameona uvimbe katika titi lake. Amekaa nao kimya miezi mingi kwa kuona haya. Mwisho wanawe wampeleka hospitali Dodoma mjini. Kipande kidogo cha nyama chakatwa na kupimwa, na majibu yatoka. Mwana wa kwanza aitwa kando, naye ndiye apewaye habari. Usiku jamaa wakutana, wapatana neno moja: Mama asiambiwe, maana akilisikia jina la ugonjwa huu atakufa kwa hofu kabla ya siku zake. Basi mama aambiwa ya kuwa ni jipu la ndani tu.

Toka siku ile kila aingiaye nyumba ile hana budi kuuchunga ulimi wake. Watoto wafukuzwa wakubwa wakizungumza. Majirani wakija kumjulia hali hutazama chini. Lakini mama si mtoto. Ameziona nyuso za watu, ameisikia minong'ono, ameona mbuzi wakiuzwa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya jipu. Anajua. Na kwa kuwa wanawe wanamficha, naye awaficha wao kwamba anajua, asije akawavunja moyo. Hivyo katika nyumba moja wapo watu wapendanao sana, nao hulia kila mtu peke yake.

Sababu za kuficha tuzisikiazo ni tatu. Ya kwanza hunena: habari hizi zitamwua. Ndugu, saratani ni jina la magonjwa mengi, wala si yote yenye mwisho mmoja. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliowapata watoto wa nchi zetu. Uvimbe ule ulitisha sana, kumbe ni mojawapo ya saratani zinazosikia dawa upesi. Hata saratani ya titi na ile ya mlango wa kizazi, zikionekana mapema, wengi hupona. Lakini aliyeambiwa kwamba ana jipu, ataona sababu gani ya kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, na kukaa huko majuma mengi apate mionzi? Dawa zikimtapisha na nywele zikimtoka, atauliza, "Jipu gani hili?" naye atarudi nyumbani tiba ikiwa nusu. Twataka kumwokoa na hofu, na huku twamnyima dawa. Tena binti zake nao wanadhulumiwa, maana mtu ambaye mama yake alipata saratani ya titi yampasa kujua, ili naye apimwe mapema.

Sababu ya pili ni aibu. Watu watasema amerogwa, ama ameadhibiwa kwa dhambi ya siri. Hapa wainjilisti wana kazi. Saratani ni nyama ya mwili wenyewe iotayo pasipo utaratibu. Haiambukizwi kwa kula chungu kimoja na mgonjwa wala kwa kumshika mkono. Na wanafunzi walipomwuliza Bwana juu ya yule aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyetenda dhambi ama wazazi wake, Bwana alikataa yote mawili. Mkristo anayeifukua dhambi ya jirani ili aueleze uvimbe wake, amemfuata mwalimu mwingine.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo nzito kwetu, maana imevaa nguo ya dini. Hunena kwamba kuutaja ugonjwa ni kukosa imani, na kwamba aaminiye aseme tu kuwa amepona. Lakini soma habari za mfalme Hezekia katika kitabu cha Isaya, sura ya 38. Nabii alitumwa kumwambia waziwazi ya kuwa ugonjwa wake ni wa kufa, atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia hakukaripiwa kwa kulia. Aligeuza uso ukutani, akaomba. Mungu akamwongezea miaka 15. Tena Isaya akaamuru mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Tazama: ukweli, maombi na dawa vimo katika sura moja, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe. Yatupasa pia tukumbuke mambo ya mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Wako walioziacha dawa zao, na wako waliofia njiani. Hatuwacheki, maana walikwenda kwa sababu ya uchungu. Lakini imani haiogopi kusikia maneno ya daktari. Imani humtazama Mungu hata baada ya kuyasikia.

Tumejibu sababu hizo, lakini sharti tuende chini zaidi. Wengine wakiuonea shaka uongo huu huitazama Amri ya Nane, ile ya ushuhuda wa uongo, nayo kweli yahusika. Sisi twaona kwamba Amri ya Saba nayo yahusika, ile ikatazayo kuiba. Maana siku za mgonjwa ni mali yake. Labda ana shamba la kuwagawia wanawe pasipo ugomvi. Labda ana deni, au ndugu ambaye hawajasemezana miaka kumi, au jambo la kuungama kabla ya kushiriki Meza ya Bwana. Akifichwa, atadhani muda upo, kumbe unapita. Tumemwibia siku zake, nasi twasema ni kwa upendo.

Martin Luther alilijua jambo hili nyumbani kwake. Mwaka 1542 binti yake Magdalena aliugua, umri wake miaka 13. Baba alimpenda mno, akaomba aachiwe. Lakini hakumdanganya. Alimwuliza waziwazi kama yu radhi kumwendea Baba aliye mbinguni, hali angependa pia kubaki na baba yake hapa. Na mtoto akajibu kwamba iwe kama Mungu apendavyo. Kisha alikufa mikononi mwa baba yake, na baba akalia sana. Twaona hapa kwamba kusema kweli hakukuondoa machozi, lakini baba na mtoto walikuwa pamoja katika machozi hayo.

Je, twasema basi mgonjwa atupiwe habari kama jiwe? Hasha. Kuna kusema kweli kwa ukatili. Haifai kumpa mtu habari hizi ukumbini mbele ya wageni, wala kumhesabia miezi ambayo hata daktari haijui. Mpendwa wake mmoja na akae naye faraghani, aulize kwanza: "Mama, daktari ameona ugonjwa mzito. Wapenda tukueleze yote, ama tuseme na kaka, nawe utuulize utakapotaka?" Wako wazee watakaosema, "Semeni na kaka." Hao wasilazimishwe, maana wamechagua wenyewe. Ukweli ni mali ya mgonjwa. Aweza kuupokea wote, ama kidogo kidogo, ama kumwekea mwenziwe. Lakini akiuliza, asijibiwe uongo. Kunyamaza kwa kungoja wakati ufaao ni jambo moja, na kudanganya ni jambo jingine.

Tena, aliyeambiwa asiachwe. Kwenye bustani ya Gethsemane Bwana wetu hakuwaficha Petro, Yakobo na Yohana huzuni yake. Aliwaambia, akawataka wakeshe pamoja naye. Nao walilala. Yatupasa sisi tusilale. Mmoja wa jamaa asafiri pamoja na mgonjwa. Tangu mwezi wa Saba wa mwaka 2024 treni ya umeme yatoka Dodoma hata Dar es Salaam kwa saa chache, wala safari si mateso kama zamani. Wengine wamwangalie shamba na mifugo. Usharika uchange nauli kabla ya kuombwa. Na wale wendao kumtazama wakumbuke rafiki za Ayubu: walifanya vema siku saba walipoketi naye kimya, wakakosa walipofungua vinywa vyao kumweleza kwa nini anateswa.

Neno la maumivu nalo lisemwe. Wako wadhanio kwamba Mkristo sharti avumilie maumivu pasipo dawa. Sivyo. Iko mofini ya kunywa, ambayo ikitolewa kwa kipimo cha mganga humpa mgonjwa usingizi na utulivu wa kuomba na kuzungumza na wanawe. Huduma hii ilistawishwa Kampala tangu mwaka 1993, Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda; na hospitali yetu ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imekuwa ikiwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani mwao. Lakini ni nani atakayeiomba mofini kwa ajili ya jipu? Hata hapa uongo humzuia mgonjwa kupata msaada.

Hatuwaahidi ya kuwa kila aambiwaye kweli atapona. Hezekia mwenyewe aliongezewa miaka, kisha akafa. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake, nao haukuondolewa, alipewa neema. Basi ninyi wainjilisti, mkiitwa katika nyumba ambamo jambo hili linafichwa, msiwakaripie jamaa mbele ya watu, wala msimfunulie mgonjwa habari juu ya vichwa vyao. Waiteni wakubwa wa nyumba kando, mwazungumze nao kwa upole, mwaombe pamoja, hata mmoja wao apate nguvu ya kuketi kitandani kwa mama yake na kusema naye. Nanyi kaeni karibu, maana siku ile wote watawahitaji.

Bwana awe pamoja na wagonjwa wetu wote, na wale wawaangaliao. Amina.