Nati za Safari ya Kwanza



Pale Kyumbi, barabara ya Machakos inapokutana na ile ya Mombasa, si ajabu kukuta Canter imeinuliwa kwa jeki, magurudumu yake ya nyuma yamelazwa chini. Ni manne, mawili kila upande, na ndiyo yanayobeba mchanga wa mito ya Ukambani hadi Nairobi. Wako wenye magari wanaoondoa rimu za chuma na kufunga za alumini. Ni nyepesi, hupoza joto upesi, na tukubali tu, zinapendeza. Dereva aliyezing'arisha Jumamosi jioni, hata salamu zake hubadilika.

Kuzifunga kuna masharti yake. Rimu ya alumini ni nene kuliko ya chuma, kwa hiyo bolti iliyotosha jana huenda leo ikawa fupi. Nati ikishika meno mawili matatu tu, huko ni kubahatisha maisha ya watu. Mahali rimu inapokutana na kitovu cha gurudumu husuguliwa mpaka kutu na magamba ya rangi ya zamani yatoke. Uchafu ulionaswa hapo husagika gari likitembea, na nafasi unayoiacha hulegeza kilichokuwa kimekaza. Kisha fundi mzuri humwambia dereva jambo ambalo wengi hulipuuza: nenda, halafu urudi nizikaze tena.

Urudi kati ya kilomita 80 na 160 za kwanza. Kwenda Nairobi na kurudi kunatosha. Dereva asiyejua hudhani fundi haiamini kazi yake mwenyewe. Kumbe vyuma vinavyokutana mara ya kwanza hukaa sawasawa baada ya kuonja barabara na mzigo, na vikishakaa, nati hupoteza sehemu ya mkazo wake.

Je, umewahi kumsamehe mtu kwa moyo wako wote, mbele ya wazee, mkashikana mikono na kunywa chai pamoja, halafu siku moja ukasikia jina lake likitajwa na uchungu ule ule ukaamka? Pengine ulijiambia kwamba hukusamehe kweli. Usijihukumu upesi hivyo, mpendwa. Msamaha wako ulikuwa wa kweli. Ulikuwa tu haujabeba mzigo. Sasa umebeba. Mmekutana matangani, mmepimiana mpaka wa shamba la marehemu baba, mmekaa benchi moja kanisani. Kilicholegea njiani hukazwa. Nani hutupa gurudumu zima kwa sababu hiyo?

Kuna jambo jingine, na hili hunigusa zaidi. Katika malori mengi ya Kijapani ya mtindo wa zamani, gurudumu la ndani lina nati zake, na la nje lina zake juu ya hizo. Ukitaka kukaza za ndani, sharti kwanza ulegeze za nje, moja baada ya nyingine. Anayepitisha spana juu juu hukaza linaloonekana na kuliacha la ndani lilivyo. Ndipo mtu huwa mpole kwa majirani, mwepesi wa kusalimu, rimu inang'aa, na nyumbani mkewe hajasikia neno laini tangu mvua za vuli. Je, uko tayari kulegeza kidogo sura tunayoifahamu sisi wengine, ili wa nyumbani mwako wakufikie?

Nalo lipo la kuchekesha. Katika malori hayo hayo, nati za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na za kulia. Utingo mgeni hujitupa juu ya spana kwa uzito wake wote, na mwisho anakata bolti. Alikuwa na nguvu, na bidii pia. Nimewaona wazazi wakifanya hivyo na mtoto wa pili, wakimsukuma kule kule alikofungukia wa kwanza.

Ila kukaza tena hakumaanishi kukaza zaidi. Nati ina kipimo chake, na fundi huirudisha pale pale. Akizidisha, bolti huvutika, na siku moja hukatika bila taarifa. Mwenzako aliyekuomba radhi hahitaji kuombeshwa kwa ukali zaidi kila mwezi.

Petro ndiye aliyemuuliza Bwana ndugu asamehewe mara ngapi, akidhani mara saba ni ukarimu mkubwa. Tunalisoma katika Mathayo 18. Na ni Petro huyo huyo tunayemkuta katika Yohana 21, kando ya ziwa, akiulizwa kama anampenda Bwana. Anajibu. Anaulizwa tena. Mara ya tatu anahuzunika, kama vile wewe ungehuzunika, kwa maana swali linalorudiwa huonekana kama shaka. Lakini tazama alichopewa kila alipojibu. Hakuambiwa akae pembeni mpaka upendo wake uthibitike. Jibu la kwanza lilipotoka kinywani mwake, alikabidhiwa kondoo awalishe. La pili, vivyo hivyo. Na la tatu, akiwa bado na huzuni usoni, akakabidhiwa tena.