Mungu Hamkemei Anayeuliza

Somo: Yakobo 1:2–8 na 3:13–18

Yakobo anawaandikia watu waliotawanyika, watu waliokwisha kubanwa na maisha. Salamu zake hazijapoa anataja majaribu, na kufika aya ya tano anamwambia kila aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu bila kumkemea yeyote. Wengi tunaikariri ahadi ya kupewa. Mimi nataka tukae kwenye hilo la kutokemewa, maana huku mtaani kwetu Lucky Summer ndilo tunalolihitaji zaidi.

Chukua mama anayeuza mboga kwenye barabara ya kuelekea Baba Dogo. Jumapili jioni amekaa kitandani, simu mkononi. Kodi inadaiwa tarehe tano, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na pesa za kununulia mboga alfajiri hazitoshi. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ipo; tangu Januari 2019 imewaokoa wengi na kuwazamisha wengi. Yeye anajua inavyofanya kazi: mteja akimtumia shilingi mia tatu kesho, deni linajikata kwanza kabla hajaigusa hata shilingi moja. M-Shwari, mkopo mwingine wa simu, nayo ina ada yake ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kuna chama cha kuchangiana, lakini zamu yake haijafika. Halafu kuna sauti redioni inayomwambia apande mbegu ya shilingi elfu moja, mlango wake ufunguke wiki hii hii.

Aombe nini hapo? Mara nyingi sisi huomba pesa, na si dhambi kuomba pesa. Yakobo angemwambia aombe hekima pia: lipi lilipwe kwanza, nani aombwe asubiri, mlango upi asiubishe kabisa. Mungu haoni aibu kuulizwa mambo ya kodi na sukuma wiki. Sulemani alipopewa hekima kule Gibeoni, kesi ya kwanza tunayosimuliwa baada ya hapo ni ya wanawake wawili makahaba waliokaa nyumba moja, wakigombania mtoto bila shahidi yeyote. Mfalme aliwasikiliza wote wawili kabla hajatamka neno. Ugomvi kama ule sisi tunaoishi kwenye ploti tunaujua.

Lakini huyu mama ataombaje kwa uhuru ikiwa amezoea kukemewa? Wengi wetu tumekulia katika ibada ambamo kuuliza ni kukosa imani. Ukitaka kujua mchango wa ujenzi umefikia wapi, unaonywa usimguse mtiwa mafuta wa Bwana. Ukisema umeomba na mtoto bado ni mgonjwa, unaulizwa umeficha dhambi gani. Aprili 2023 Kenya nzima ilianza kuona njia hiyo inaweza kuwafikisha watu wapi, makaburi ya wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza kufunga hadi kufa yalipofunguliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo. Ni rahisi kusema waliofia msituni walikuwa wajinga. Mimi nakataa kusema hivyo. Miongoni mwao walikuwapo watu wenye elimu na kazi nzuri, na walitaka kumjua Mungu kama tunavyotaka wewe na mimi. Naamini kwamba mtu hafikishwi mahali kama pale kabla hajanyang'anywa ruhusa ya kuuliza.

Mtu atasema, mbona aya ya sita inakataza shaka? Ndiyo, inaikataza. Ila mtazame mtu ambaye Yakobo anamlaumu: ni mwenye nia mbili. Huyo ndiye anayeomba uongozi ilhali ameshabonyeza kukubali mkopo, na anachotaka ni Mungu atie sahihi tu. Anayeuliza kwa uchungu, huku akiwa tayari kujibiwa hata asivyopenda, ana nia moja.

Katika sura ya tatu Yakobo anatupa namna ya kuitambua hekima itokayo juu. Ni safi, ni ya amani, ni ya upole, tena iko tayari kuwasikiliza watu. Hilo la kusikiliza tunalipita haraka mno. Mapokeo ya kanisa yanasema mwandishi huyu ni Yakobo ndugu yake Bwana, aliyeliongoza kanisa la Yerusalemu, na ukisoma Matendo 15 utamwona akiwa kazini. Kulikuwa na jambo zito juu ya waamini wa mataifa mengine. Watu wakahojiana sana, Petro akasema yake, Barnaba na Paulo wakasimulia waliyoyaona, ndipo Yakobo akafungua kinywa. Na uamuzi ule waliutangaza kuwa wa Roho Mtakatifu pamoja nao. Ujumbe wowote unaodai kutoka juu na hautaki kuhojiwa, mimi ninauogopa.

Kwa hiyo mama yetu amtajie Mungu deni lenyewe, shilingi kwa shilingi. Kesho akimwendea mweka hazina wa chama amweleze ukweli, au akimwomba mwenzake wabadilishane zamu, bado yumo ndani ya sala ile ile; huenda jibu liko kwa huyo mwenzake. Na akisimama kwenye ushirika wa nyumbani kuuliza kama ile mbegu ya elfu moja ni ya Mungu kweli, wazee wa kanisa wasimtazame kama mwasi. Wafungue Biblia, wakae naye, wamjibu.

Baba, unaijua kodi ya mwezi huu na unajua tulichonacho. Tupe hekima ya kuamua kesho asubuhi. Na wanaokuja kutuuliza sisi, utusaidie tusiwakemee. Amina.