Mfereji wa Paa na Haki ya Jirani



Mwaka jana mvua ya kwanza ilitukuta hapa Buyenzi hatujapanda paani kiangazi chote. Majani ya mwembe yalikuwa yameziba mfereji. Maji yakafurika, yakamwagikia ukuta wa bibi jirani, nao ni wa matofali mabichi. Usiku ule nilikuwa ndani nasoma haki za jirani, nina mtihani! Asubuhi pembe ya ukuta imemomonyoka. Bibi akasema, “Ni kadari ya Mungu, mjukuu wangu.”

Mvua ni kadari. Majani yale yalikuwa uvivu wangu.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aling'oa mfereji wa nyumba ya Abbas (r.a.) uliomwaga maji njiani. Alipoambiwa kuwa Mtume (s.a.w.) ndiye aliyeuweka pale, akamtaka Abbas apande mgongoni mwake aurudishe. Khalifa mzima akawa ngazi! Mimi ngazi ya mbao ninayo.

Basi Agosti hii, kabla ya mawingu ya Septemba, pandeni. Toeni majani kwa mkono, kisha mwageni ndoo ya maji muone yanatokea wapi. Mimi nitaanzia kwa bibi: pembe ile bado ni deni langu, ingawa hajanidai.