Nani Alipie Maji ya Kesho?
Sori ni mji mdogo kando ya Ziwa Viktoria, na ziwa hilo halitulii. Baina ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka mno. Mwaka 2020 likaupita kidogo upeo wa 1964. Joto la dunia linalozidi laweza kuyakuza mageuzi hayo. Basi bomba la kuvutia maji litiwe wapi? Likiwa karibu na ufuko, ukame huliacha matopeni. Na mtambo ukijengwa bondeni, gharika huuzamisha. Kujenga kwa hadhari ni ghali, na sehemu ya gharama humwangukia mnunuzi wa leo, pengine mjane mwenye ndoo moja. Je, ni haki awalipie wajukuu wa wengine? Naona ni haki, lakini si kwa kadiri ile ile alipayo mwenye hoteli.