Nyota, Khabari na Uthibitisho



Imekuwa ada katika miji yetu ya pwani kwamba kijana akipeleka posa, kabla hajaulizwa dini yake wala tabia yake, jina lake na jina la mama yake hupelekwa kwa mwenye kitabu. Huyo huzijumlisha herufi kwa hesabu ya abjadi, kisha akatoa hukumu: huyu nyota yake ni ya moto, na yule nyota yake ni ya maji, hawapatani. Posa huvunjwa, mwenye kitabu hupokea ujira wake, wala hapana amwulizaye dalili. Nasi twauliza: yeye amezijuaje nyota?

Twapenda kuwaeleza namna nyota zinavyojuliwa na wenye kuzisoma kwa kweli. Liko kundi la nyota ambalo Waarabu waliliita Farasi Mkubwa, na hata leo Wazungu huziita baadhi ya nyota zake kwa majina ya Kiarabu, kama Markab. Humo imo nyota hafifu isiyoonekana ila kwa darubini, iitwayo V391 Pegasi. Nuru yake husafiri maelfu ya miaka hata itufikie. Nyota hii ina mpigo kama wa moyo: joto huzuiwa ndani yake, likalundikana, likafumuka, nayo huongezeka nuru na kupungua kidogo, mara moja katika kila muda wa dakika sita hivi. Mpigo huo ni saa iliyowekwa mbinguni na Mola wake.

Sasa tuchukue mfano wa baharini. Fundi yumo katika mashua iliyotia nanga, agonga misumari kwa kipimo kimoja. Mashua ikisukumwa na maji kuja pwani, mgongo wa nyundo hutufikia mapema kidogo. Ikirudi nyuma, hutufikia umechelewa. Aliye ufuoni, hata akiwa haioni mashua, aweza kujua kwa masikio tu kwamba yaenda na kurudi. Vivyo hivyo, nyota ikiwa na sayari inayoizunguka, sayari huivuta nyota huku na huku, na mipigo ya nuru yake huwahi na kuchelewa kwa zamu.

Mtaalamu wa Kiitalia aitwaye Roberto Silvotti na wenziwe waliihesabu mipigo ya nyota hii tangu mwaka 1999 hata 2006. Wakaona yawahi na kuchelewa kwa sekunde kama tano, na mzunguko kutimia kwa miaka 3.2. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba huenda ipo sayari, uzito wake si chini ya mara tatu ya Mushtari. Ilikuwa khabari kubwa, maana nyota hiyo ilikwisha kuvimba na kulivua ganda lake la nje, kama jua letu nalo litakavyovimba baada ya mabilioni ya miaka. Ikiwa sayari iliokoka hapo, basi watu wangepata la kutafakari juu ya mwisho wa ardhi hii.

Lakini hawakulala juu ya sifa hiyo. Waliendelea kupima hata mwaka 2012, jumla ya saa 1,066. Nyota hiyo ina mipigo zaidi ya mmoja, na ikiwa sayari ipo, yapasa mipigo yote itoe ushahidi sawasawa. Mwanzo miwili ilipatana vizuri. Vipimo vilipozidi, mapatano yakapungua. Basi mwaka 2018, mtu yule yule aliyeitangaza sayari akaandika kwamba mapatano ya kwanza yalikuwa ya kusadifu, na kwamba kuwako kwa sayari kumezidi kuwa na shaka hata ithibitike kwa njia nyingine.

Atasema mwenye kitabu: "Mwaona, hata wao hukosea!" Naam, hukosea, na wakaonyesha wenyewe walipokosea. Sisi tulio wafuasi wa Imamu Shafii twaijua adabu hii tangu zamani. Yeye alikuwa na kauli zake za kale alizozitoa Iraki, na alipofika Misri akarejea katika nyingi kwa dalili zilizomdhihirikia, wala haikumpunguzia heshima. Je, ni lini mwenye kitabu alirudi kwa wazee wa binti akawaambia: hesabu yangu haikusihi, twaeni ada yenu?

Na sura ya Al-Hujurati yatuamrisha kuichunguza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na mwanawe Ibrahimu, jua likapatwa siku hiyo, watu wakadhani limepatwa kwa msiba ule. Alikuwa katika huzuni, na dhana ile ilimtukuza. Hata hivyo aliikanusha hadharani. Baada ya hapo, ni nani awezaye kuambiwa kwamba nyota zapiga vita na ndoa ya Fatuma binti jirani yetu?

Hatuikatazi ilimu ya falaki. Kwayo twaijua kibla na nyakati za sala, na manahodha wetu walivuka bahari kwayo. Tukataacho ni kumtoza mtu fedha kwa ghaibu.

Na aliyevunja posa kwa hesabu ya majina, njia bado i wazi: amwite kijana yule, amwulize sala yake na kazi yake, maadamu binti hajaposwa na mwengine.