Mtoto Akililia Wembe

Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hii tumeirithi bila ya kuiuliza swali moja: aliyekaa karibu na mtoto huyo ni nani? Anayetoa wembe amekaa kitako, mkono wake u tayari. Chale ya kidole, kilio, na somo limeeleweka. Methali imemdhania mlezi mwenye wasaa.

Na tuipeleke basi milimani, Kasulu na Kibondo. Huko, kama katika vijiji vingi vya bara, chungu cha maharage huinjikwa juu ya mafiga matatu, kimo kilekile cha mtoto atambaaye. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na ile ya Nduta, Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015 kwa Warundi, familia nyingi zimeishi katika vibanda vya turubai au matofali ya udongo, vyenye nafasi finyu mno. Mama akienda mbali kutafuta kuni, mara nyingi mlinzi wa mdogo ni nduguye ambaye naye bado mtoto. Huyo ndiye tumwambiaye atoe wembe?

Sipingi kwamba mtoto hujifunza kwa kuumia. Lakini maumivu hufunza pale yanapomwacha mwanafunzi akiwa mzima. Kidole hupona. Uji wa moto ukimwagikia kifuani, huenda asibaki wa kufunzwa. Na mafuta ya taa, yaliyowekwa katika chupa ya soda na kunywewa kwa kudhaniwa soda, huingia mapafuni, ndiyo maana matabibu hukataza kumtapisha aliyeyanywa. (Lugha yetu, sijui kwa mzaha gani, huita kinga kipande cha ukuni kiwakacho, ikaita kinga pia kizuizi cha madhara.)

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemkabidhi mzazi ulinzi wa mwanawe, na ni haki. Ila tunapomwambia mama aiweke chupa juu, tumemdhania rafu, na rafu hutaka ukuta unaoshika msumari. Turubai haushiki. Sehemu ya wajibu iliyomshinda humwendea aliyekipima kibanda, na jirani pia. Jiko la udongo lililoinuliwa hadi kiunoni halidai fedha nyingi: ladai udongo, maji, siku moja au mbili, na mtu mzima wa kumshika mtoto wakati mama akilikandika.