Uchi wa Nuhu na damu ya jirani

Watoto waliozaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, kati ya 1996 na 2003, leo ni watu wazima. Wapo kati yao, katika mitaa ya Nyamianda, Kavimvira na Kalundu, ambao baba yao hazungumzi kamwe juu ya miaka ile. Akiulizwa alikuwa wapi na alikuwa na nani, hukasirika. Mtoto hujifunza mapema kutouliza, kisha ukimya huo unageuka chuki ambayo hata yeye hajui kuieleza. Swali ni hili: je, heshima anayodaiwa mtoto kwa baba yake inamlazimu anyamaze? Naamini haimlazimu, na ushahidi wangu unatoka katika vitabu vilevile vinavyotumiwa kumfunga mdomo.

Kisa kinachohubiriwa sana ni cha Nuhu, Mwanzo sura ya 9. Nuhu alilewa akalala uchi. Hamu akaona akaenda kusimulia, Shemu na Yafethi wakaingia kinyumenyume wakamfunika. Ndiyo maana huambiwa kwamba mwana mwema hufunika. Lakini tuangalie kilichofunikwa. Nuhu alikuwa hemani mwake na hakuumiza mtu. Ulevi, umaskini, ugonjwa, ndoa iliyovunjika: hizo ni aibu zake mwenyewe, na mtoto anayezitangaza amekosa kweli. Siri yenye mtu aliyeuawa ndani yake, au mwanamke aliyebakwa, au mtoto aliyekanwa, si uchi wa baba. Ni haki ya aliyeumizwa, iliyofichwa katika nyumba isiyo yake. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 yenyewe hairuhusu mtu kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Biblia nayo haikumfunika Daudi. Daudi alisababisha Uria auawe, akamchukua mkewe, na Mathayo, alipoandika ukoo wa Yesu katika sura yake ya kwanza kabisa, alimtaja mama yake Sulemani kuwa ni mke wa Uria. Kosa la babu limo ndani ya orodha ya ukoo, linasomwa kanisani mpaka leo, na hakuna anayesema Daudi amevunjiwa heshima.

Wengine watajibu kwa Kutoka sura ya 20, kwamba uovu wa baba hupatilizwa hadi kizazi cha tatu na cha nne, kwa hiyo kufukua ni kuamsha laana. Ezekieli sura ya 18 inakataa waziwazi kwamba mwana hubeba hatia ya baba, na Kurani, katika Al-An'am aya ya 164, inasema hivyo hivyo juu ya kila mbeba mzigo. Kinachorithiwa ni matokeo: shamba, kiwanja, jina, uhasama na jirani. Mwana hana hatia ya namna shamba lilivyopatikana. Ila akishajua, kisha akaendelea kulima na kunyamaza, ukimya huo si wa baba tena, ni wake.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na silidharau. Bavira, Bafuliru, Babembe, Barundi na Banyamulenge wote wamezika watu wao. Neno la nyumba moja laweza kuangukia kabila zima. Lakini kujua si kutangaza. Hata ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 juu ya Kongo ilieleza matukio 617, yakiwemo mauaji ya Makobola, kusini mwa Uvira, na majina ya washukiwa yakawekwa siri. Mahakama maalumu ya kuwahukumu haijaundwa. Basi ukweli umebaki majumbani, kwa wazee wanaokufa mmoja mmoja, na wa kwanza kuulizwa ni baba mwenyewe, angali hai, faraghani, kwa adabu. Ibrahimu, katika sura ya Maryam, alimpinga baba yake huku akimwita baba mara nne mfululizo. Baba akikiri, anaweza kwenda yeye kwa waliodhulumiwa, pamoja na wazee wa pande zote mbili. Akifa kabla ya kusema, kuna An-Nisa aya ya 11: deni la marehemu hutolewa kwanza, urithi hugawanywa baadaye. Hakuna ukoo ambao huona kulipa deni la fedha kuwa ni kumtukana marehemu, na sioni kwa nini shamba lililoporwa lihesabiwe tofauti.